Samaki walipewa miezi mitatu

Leo nimeshinda naandika barua kwa mbunge wetu kuhusu akina mama wanaojifungua bila kuwa na mwajiri, ya kwanza maishani mwangu, na kila nikifika mstari wa tatu nafuta maana hasira inanitangulia. Bora niandike huku kwanza ipungue.

Mwanangu nilimzaa nikiwa nimeajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikanipa likizo ya siku 84 na mshahara wangu, ningezaa mapacha zingekuwa 100, na niliporudi kazini nikawa na haki ya mpaka masaa mawili kwa siku kunyonyesha. Mume wangu alipata siku 3, jamani siku 3, hata kitovu hakijadondoka. Ila mimi nilipumzika, maziwa yakatoka, mtoto akanenepa.

Mdogo wangu anaanika dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Yeye alijifungua Agosti 2024. Mnaokaa Kigoma mnaukumbuka mwaka ule, Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sikupinga na mpaka leo sipingi, dagaa walikuwa wamepungua kila mtu anaona. Lakini miezi mitatu bila dagaa maana yake hela aliyoiweka ya uzazi, ya khanga, ya beseni, ya bodaboda, ya kula akiwa ndani, yote ikaishia kwenye unga na sabuni kabla mtoto hajatoka. Ziwa likafunguliwa na yeye ndo kwanza kajifungua. Siku ya 11 nampigia simu nasikia upepo na kelele za wamama, kumbe yuko mwaloni, mtoto kamlaza kwenye boksi chini ya chanja. Nikamwambia we arobaini bado! Akanijibu, dada, giza hili likiisha mbalamwezi ikitoka vipe (mitumbwi ya kuvulia dagaa) havishuki ziwani, nisipopata sasa ntakula nini.

Tangu siku hiyo nawaza kitu kimoja tu. Serikali ilikaa ikaona samaki akitaka kuzaa anahitaji miezi mitatu asisumbuliwe, na siku 84 nazo ni karibu miezi mitatu hiyo hiyo, kwa hiyo hesabu inajulikana, siyo kwamba hatujui mzazi anahitaji muda gani. Kilichobaki ni kumuona na yule ambaye hana mwajiri, na hao ndio wengi huku kwetu, wa dagaa, wa mawese, wa mashambani, wa genge.

Wengine wananiambia si kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake. Ipo, haina riba, ni kitu kizuri na nataka iendelee. Lakini mkopo ni deni, mzazi wa wiki moja utamwambiaje akakope ili apate kulala?

Kwa hiyo barua yangu inaomba mheshimiwa asimame Dodoma kwenye bunge la bajeti aulize posho ya uzazi kwa mama asiye na ajira rasmi, hata ya wiki sita tu za kuanzia, hata iwe ndogo.

Jana nilimuuliza mdogo wangu na yeye nimuandikie nini. Nilidhani atataja hela. Akanyamaza kidogo, akasema, dada, waambie watujengee kibanda chenye kivuli pale mwaloni, tuwe tunalaza watoto.