Kadi Iliyobaki Mfuko wa Nyuma

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2010 niliitazamia Majengo, ndani ya ukumbi wa video wa mabati, tumekaa magoti kwa magoti. Dakika ya 28 Nigel de Jong wa Uholanzi alipompanda Xabi Alonso wa Hispania kifuani na njumu, ukumbi mzima uliinuka. Refa Howard Webb akatoa kadi ya njano. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Refa huyo apimwe macho," na mimi, niliyekuwa nimemaliza kozi ya urefa miezi michache tu kabla, nikacheka kuliko wote. Kadi za njano zilifika 14 usiku ule, Iniesta wa Hispania akafunga dakika ya 116, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimsahihisha Webb.

Jumapili iliyofuata zamu ikawa yangu.

Uwanja wenyewe uko Kisauni, mchanga mtupu upande mmoja, changarawe upande wa pili. Lilikuwa kombe la mtaa, zawadi mbuzi, na mbuzi alifungwa kwenye mnazi nyuma ya goli tangu adhuhuri ili watu waamini kwamba yupo. Malipo yangu shilingi 300 na soda. Kadi ya njano ilikuwa ya kweli, nilipewa na refa mmoja mkongwe. Nyekundu niliikata mwenyewe kwenye boksi la biskuti. Njano niliiweka mfuko wa shati, nyekundu mfuko wa nyuma wa kaptura. Marefa wengi hufanya hivyo, mkono usije ukakosea wakati wa rabsha.

Beki wa kushoto wa wenyeji alikuwa mtu mzima, kuli wa bandarini, mapaja kama magunia. Winga wa wageni, kijana wa miaka 17 hivi, alimpita mara tatu kabla ya mapumziko, na mara ya tatu akageuka akamchekea. Hapo ndipo nilipotakiwa kumwita beki pembeni nimwonye. Sikumwita.

Kipindi cha pili hakijachanganya, kijana akapokea mpira karibu na boksi, akausukuma mbele. Beki alitoka mbali. Aliruka miguu yote miwili imenyooka, nyayo juu. Nilikuwa hatua tano na hakuna mtu aliyenikinga. Mguu wa kwanza uliugusa mpira, ni kweli, ukatoka nje. Wa pili ulimkuta kijana juu kidogo ya kifundo, mguu wake umekita mchangani. Soksi ilichanika, nikaona alama nne za meno ya njumu, nyeupe, kabla damu haijajaa. Kelele hakupiga. Alikamata mchanga ngumi mbili, akawa anavuta pumzi tu.

"Mpira! Kacheza mpira!" wenyeji walipaza sauti kwa pamoja.

Hoja hiyo naichukia mpaka leo. Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo, haikusema popote kwamba ukishaugusa mpira umesamehewa yanayofuata. Kwenye kozi tulikariri ngazi tatu: mchezaji akizembea tu, ni frikiki bila kadi, akiingia bila kujali kwamba mwenzake yumo hatarini, njano, akitumia nguvu za kupita kiasi au akihatarisha usalama wa mwenzake, nyekundu, awe ametokea mbele, ubavuni au nyuma. Swali hilo kwenye mtihani nililipata lote.

Mkono ulikwenda mfuko wa nyuma. Vidole viliigusa ile karatasi ya boksi, imelowa jasho na kulegea, pembe moja imekunjika. Kisha nikainua macho. Mnunuzi wa mbuzi, ambaye ni ami yake yule beki, alikuwa ameshaingia uwanjani na kanzu yake. Hakusema neno, ananitazama tu. Nyuma yake watu kama mia.

Nikatoa njano.

Beki alinipiga begani. "Ahsante refa. Hata fainali ya dunia ilikuwa njano."

Webb alikuja kukiri kwamba ile ilistahili nyekundu, na kwamba hakuwa ameiona vizuri. Mimi niliona.

Wageni walinizonga. Kocha wao, mwalimu wa madrasa, mpole, aliwasogeza vijana wake akaniambia, "Muogope Mungu, mwanangu," akarudi zake alikokuwa amekaa. Afadhali angenitukana. Kijana alibebwa kwa mkokoteni wa maji hadi barabarani, wakamtia kwenye tuktuk. Frikiki ikapigwa, ikagonga mwamba. Wenyeji walishinda bao moja, mbuzi akafunguliwa kabla ya maghribi, nami nikakabidhiwa shilingi zangu 300.

Baada ya isha nilikwenda kwao. Bibi yake ndiye aliyefungua mlango. Hakunijua, nikamwambia natoka uwanjani, akasema, "Karibu mwanangu, yumo ndani," akaenda kunitilia kahawa. Kijana alikuwa mkekani, mguu juu ya mto, plasta mpaka chini ya goti. Kifundo kimevunjika. Nilikuwa nimepanga maneno tangu njiani, nikaanza nayo. Hakuniacha nifike mbali.

"Ile frikiki, waliingiza?"

"Iligonga mwamba."

"Nani kapiga?"

Nikamtajia. Alifyonza, akageukia ukutani. "Yule hupiga kwa kidole. Ningepiga mimi."

Bibi alirudi na kahawa na sahani ya kashata. "Nawe wacheza namba ngapi, mwanangu?"

"Ni refa huyo," kijana akasema, bila kugeuka.

Bibi alisimama na sahani mkononi. Kisha akainama, akaiweka mbele yangu vile vile.