TGV ya vitofali: hesabu ya kona, ndimi na vigari

Treni inayojengwa kwa vitofali vya LEGO ni TGV Sud-Est, treni ya kasi ya Ufaransa, ile ya rangi ya machungwa iliyoanza kubeba abiria kati ya Paris na Lyon mnamo Septemba 1981. Imechaguliwa kwa sababu ya namna ilivyounganishwa. Mabehewa mawili jirani hukalia kigari kimoja cha magurudumu, na pini ambayo kigari hicho huzungukia iko katikati ya pengo lao. Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, ina sura nzuri zaidi, lakini behewa lake lina urefu wa m 25 na vigari viwili vyake lenyewe, kwa hiyo kwenye kona kali ncha zinatoka nje huku tumbo, yaani katikati ya behewa, likiingia ndani. Kwenye TGV ncha hazitoki. Kinachobaki kupigiwa hesabu ni tumbo tu.

Vipimo

Kutoka kinundu (kile kichomozi cha juu ya kitofali) hadi kinundu ni mm 8. Kitofali kina kimo cha mm 9.6, na kibapa, yaani kitofali chembamba, ni theluthi yake, yaani mm 3.2. Treni halisi ina upana wa m 2.81, tukiipa vinundu 6 (mm 48) tunapata mizani ya takriban 1:59. Behewa la m 18.7 lingepaswa kuwa na vinundu 40.

Urefu huo haupiti. Kona ya kawaida ya reli za LEGO ina nusu kipenyo cha vinundu 40, yaani mm 320, na vipande 16 hufunga duara. Tumbo la behewa huingia ndani ya kona kwa kiasi cha L × L ÷ 8R, ambapo L ni umbali kutoka pini hadi pini na R ni nusu kipenyo. Kwa L ya 40, tumbo linaingia vinundu 5 kamili na kubomoa jukwaa la stesheni. Kwa L ya 24 linaingia vinundu 1.8, kama mm 14. (Njia halisi ya Paris–Lyon ilichorwa kwa kona za nusu kipenyo cha m 4,000. Kwa mizani yetu hiyo ni kama m 68, duara ambalo kiwanja kizima cha mpira hakilitoshi.)

Kwa nini 24, si 28? Jibu liko kwenye pengo. Behewa la 28 hupinda nyuzi 41 dhidi ya jirani yake, na pembe za ndani zinahitaji pengo la vinundu 2.2 ili zisigongane. La 24 linahitaji 1.9. Pengo la vinundu 2 linatosha kwa la 24 tu, na pengo la 3 linaharibu sura ya treni nzima. Basi mwili una vinundu 22 na pengo 2.

Sakafu na ndimi: zimekamilika

Kila behewa lina tabaka mbili za vibapa: chini 6×16 kisha 6×6, juu 6×6 kisha 6×16, ili viungo visilingane. Kwa mabehewa manne ni vibapa 8 vya kila aina. Vikiungwa mahali pamoja, sakafu inalegea katikati baada ya muda mfupi.

Ulimi, unaounganisha behewa na pini ya kigari, ni kibapa cha 2×4 chenye matundu, kilichotokeza vinundu 2 nje, tundu la mwisho likiwa katikati ya pengo. Ulimi wa behewa la kwanza unabandikwa moja kwa moja chini ya sakafu. Wa pili unashushwa kibapa kimoja ili upite chini ya wa kwanza. Kibapa hicho cha kushushia kirudishwe ndani kinundu kimoja kutoka ukingoni, la sivyo pembe ya ulimi wa juu inakigonga kwenye kona na gurudumu linanyanyuka. Weka ulimi wa juu mwisho wa mbele wa kila behewa na wa chini mwisho wa nyuma. Ukichanganya, mabehewa hayabadilishani nafasi.

Pini iwe ya kijivu, isiyobana. Nyeusi hubana, na kigari kinachobanwa huruka reli. Ndimi mbili zina unene wa mm 6.4 na nusu ya pini ni mm 8, kwa hiyo inabaki nafasi ya mm 1.6. Iache. Ndiyo inayomeza mabonde ya reli zilizotandazwa juu ya meza isiyonyooka.

Vichwa na mota

Vichwa viwili na mabehewa manne vinatoa vigari 9, ekseli 18. Mota moja mbele huvuta mpaka kwenye kona, kisha mabehewa mepesi ya katikati yanavutwa kuelekea ndani na kuanguka. Kwa hiyo mota mbili, moja kila kichwa, kila moja na kisanduku chake cha betri; rimoti moja inaviendesha visanduku vyote viwili vikiwekwa kwenye chaneli ya rangi moja. Kichwa cha nyuma kimegeuka, hivyo mota yake izungushwe nyuzi 180, vinginevyo vichwa vinavutana kama kamba ya mashindano.

Kisanduku kikae juu ya mota, maana uzito ndio unaozipa raba za magurudumu mshiko. Betri sita za kuchaji hutoa volti 7.2 badala ya 9: mwendo unapungua, si hitilafu.

Vitofali vya hapa

Mafungu ya mtumba ya Kampala huja yamechanganyika na vitofali visivyo na jina. Pima kwa kubandika safu nzima juu ya kibapa kirefu: kikipinda kama upinde, vitofali hivyo viende kwenye kuta za stesheni, kamwe si kwenye sakafu. Vumbi jekundu likiingia kwenye ekseli, futa kwa brashi kavu na upake unga wa risasi ya penseli. Mafuta ya kupikia yanageuza vumbi kuwa tope.

Kilichobaki

Pua. Mstari mweupe wa ubavuni utajengwa kwa vibapa vilivyolazwa ubavu, kwani vibapa 5 (mm 16) ni sawa kabisa na vinundu 2. Pantografu, mkono wa juu ya paa unaochukua umeme kutoka kwenye nyaya za njia, itainuliwa kwenye kichwa cha nyuma tu: kwenye njia za umeme wa kV 25 treni halisi hutumia moja, na waya wa juu ya paa hupeleka umeme hadi kichwa cha mbele. Kwenye mfano wetu waya huo ni mrija, nao utakatwa vipande kwenye kila pengo, maana mrija mmoja mrefu haupindi nyuzi 35.