Oili ya injini inaponuka petroli: pa kuanzia uchunguzi

Kila injini ya petroli hupitisha petroli kidogo kwenye oili yake, na jambo hili si ugonjwa. Asubuhi injini inapowaka ikiwa baridi, kompyuta ya gari huongeza petroli makusudi. Sehemu ya petroli hiyo haigeuki mvuke kwa sababu kuta za silinda bado hazijapata joto, hivyo huteleza kupita ringi za pistoni na kuangukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, pamoja na oili. Baadaye, oili inapofikia nyuzi 80 au 90 za Selsiasi, petroli nyingi iliyoingia huanza kuvukizwa, na mvuke wake hufyonzwa na bomba la kupumulia injini, ukarudishwa kwenye njia ya hewa na kuunguzwa. Tatizo huanza pale petroli inayoingia inapozidi ile inayotoka, na uchunguzi wote, kwa maoni yangu, ni kutafuta ni upande upi wa mizani hiyo ulioharibika: je, inaingia nyingi mno, au inashindwa kutoka?

Kabla ya kuamini pua, pima kina. Pua hudanganyika kwa urahisi, hasa mikono ikiwa imetoka kushika dumu la petroli au oili ikiwa ya zamani na imeungua. Stiki ya oili haidanganyi kwa namna hiyo. Egesha gari mahali tambarare, pima asubuhi kabla ya kuwasha, andika mahali oili ilipofika, kisha rudia baada ya wiki kadhaa kwa utaratibu uleule. Oili katika injini nzima hubaki palepale au hupungua; ikiwa inapanda bila mtu kuongeza, kuna kitu kinachoingia. Ikiwa imebadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa, kilichoingia ni maji ya rejeta, na hapo unafuata gasketi ya silinda hedi, si petroli. Ikiwa ni nyeusi kama kawaida, nyepesi vidoleni, inanuka na imepita alama ya juu, basi una kesi ya kuchunguza.

Nimewahi kuona watu wakiisogeza njiti ya kiberiti kwenye stiki ili waone kama oili itashika moto. Usifanye hivyo, na ukimwona fundi anafanya hivyo juu ya injini iliyo wazi, chukua gari lako uondoke. Mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi ya chini ya sifuri, wakati oili safi ya injini huhitaji kupashwa joto hadi nyuzi 200 hivi ndipo mvuke wake uweze kuwaka, kwa hiyo kinachojaribiwa pale ni bahati ya anayejaribu.

Hatua inayofuata ni kuamua njia iliyopitwa na petroli. Inaweza kushuka kutoka juu, kupitia chumba cha mwako na ringi, au inaweza kuvuja moja kwa moja kutoka kwenye pampu ya petroli bila kupita kwenye silinda kabisa. Fungua plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda zake. Plagi zikiwa nyeusi kwa masizi makavu, mchanganyiko wa petroli na hewa una petroli nyingi kupita kiasi. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, silinda hiyo ama inamisi, yaani haiwaki sawasawa, kwa sababu ya koili au plagi, ama nozeli yake, ile inayopulizia petroli, inavuja. Plagi zote zikiwa na rangi nzuri ya kahawia nyepesi ilhali oili inaendelea kupanda, geukia pampu.

Upande wa pampu unategemea umri wa gari. Katika magari ya kabureta, kama Peugeot 504 na pikapu za Datsun ambazo bado zinatembea huku kwetu, pampu hufungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti. Kiwambo chake cha mpira kikipasuka, petroli huweza kumiminika ndani ya sampu. Kwenye pikipiki zenye kabureta, waendesha bodaboda wanajua kwamba koki ya tangi ikiachwa wazi usiku kucha na sindano ya boya haizibi vizuri, petroli hushuka yenyewe hadi kwenye injini. Magari ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mara nyingi yana kidhibiti cha msukumo wa petroli chenye kibomba chembamba cha hewa. Chomoa kibomba hicho, na ukikuta kimelowa petroli, kiwambo cha ndani kimepasuka. Ni kazi ya dakika moja isiyogharimu chochote, na sielewi kwa nini mara nyingi hufanywa mwisho.

Kwenye injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kuna pampu ya pili, ile ya msukumo mkubwa, ambayo kwa kawaida hukaa juu ya silinda hedi na kusukumwa na kamshafti. Nozeli za kawaida hufanya kazi kwa msukumo wa bar 3 au 4 hivi, lakini pampu hii hufika makumi ya bar, na kwenye injini za karibuni hupita 200. Kati ya petroli hiyo na oili kuna sili ndogo tu ya pistoni ya pampu, na sili hiyo ikichakaa, petroli huchuruzika kwenye oili huku gari likiendelea kwenda vizuri na taa ya injini isiwake. Dawa yake ni kuifungua pampu na kuitazama upande wa chini, kwa sababu kubadilisha oili peke yake kutaficha tatizo kwa muda tu.

Ukiwa na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kuna mtego mmoja wa kuepuka. Kompyuta ikionyesha kwamba inapunguza petroli kwa kiasi kikubwa, au ikitoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0172 inayosema mchanganyiko una petroli nyingi mno, wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni. Lakini oili iliyojaa petroli hutoa mvuke unaofyonzwa na injini, na kompyuta hupunguza petroli ya nozeli kufidia mvuke huo. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu, chomoa bomba la kupumulia, ziba tundu lake la upande wa hewa kwa muda mfupi, na utazame namba zinazoonyesha petroli inayopunguzwa. Zikirudi kuelekea sifuri, sensa haina kosa: ilikuwa inasema kweli kuhusu oili.

Sasa nije kwenye sababu ambayo nadhani huku kwetu hupuuzwa kuliko zote, nayo ni kukosekana kwa themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Gari linapochemsha, gereji nyingi huing'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba maji yatazunguka wakati wote na injini itapoa. Gari langu lilifanyiwa hivyo Dar es Salaam kabla sijalinunua, na kwa joto la kule si ajabu kwamba hakuna aliyeona dalili. Nilipolipeleka Njombe, ambako Juni na Julai asubuhi huwa na baridi kali, na safari zangu zikawa za kwenda sokoni na ofisini tu, oili ikaanza kupanda. Plagi zilikuwa na masizi, kodi hazikuwapo, pampu ilikuwa nzima. Jibu lilipatikana kwa kusoma joto la maji wakati gari likiwa barabarani kuelekea Makambako: halikukaribia kabisa nyuzi 80, na kwenye mteremko lilishuka zaidi. Injini ya namna hiyo huharibu pande zote mbili za mizani kwa pamoja, kwa kuwa kompyuta huendelea kuihesabu kuwa baridi na kuiongezea petroli, huku oili ikikosa joto la kuifukuza petroli iliyokwisha kuingia.

Wala usitegemee dashibodi. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hii hayana mshale wa joto bali taa ya bluu, nayo huzimika mapema, kabla injini haijafikia joto lake kamili. Kipimo rahisi zaidi ni mkono: washa injini ya baridi na ushike bomba la juu la rejeta. Themostati ikiwa nzima, bomba hubaki baridi kwa dakika kadhaa kisha hupata moto kwa ghafla. Likipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, themostati imekwama wazi au haipo.

Baridi na safari fupi zinaweza kusumbua hata gari jipya lisiloguswa na fundi. Mwaka 2018 Honda ilisimamisha kwa muda uuzaji wa CR-V mpya nchini China kwa sababu petroli ilikuwa ikiongezeka kwenye oili ya injini zake za turbo za lita 1.5, hasa katika majira ya baridi.

Baada ya kurekebisha chanzo, badilisha oili na filta, kwa kuwa oili iliyopunguzwa nguvu na petroli haiwezi tena kulinda beringi za kranki shafti. Usikubali ushauri wa kuweka oili nzito zaidi ili taa ya oili iache kuwaka. Hiyo ni kuficha dalili. Gari langu liliwekewa themostati ya nyuzi 82, na kina cha oili kimetulia hata katika baridi. Oili iliyomwagwa nayo isichanganywe na ile inayopakwa kwenye mbao kuzuia mchwa au kuwashia moto, maana petroli iliyomo huifanya ishike moto upesi kuliko oili chafu ya kawaida. Iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na jiko, hadi ipelekwe kwa wanaokusanya oili chafu.