Betri tano

Kaunta buku la presha lilikuwa limevikwa gazeti, na mwandiko wa ndani ulikuwa msafi kuliko wa daftari lolote pale zahanati. Hakuna kufutafuta, hakuna wino uliovuja. Ningekuwa mjanja, usafi ule peke yake ungenishtua.

Mwaka 2015 nilikuwa tabibu kwenye zahanati moja ya Mbagala, ukiiacha Barabara ya Kilwa na kuingia ndani kidogo. Jioni nilikuwa nasoma. Mwalimu wetu akatupa kazi: kila mtu achague jambo moja dogo kituoni kwake, alipime, alibadilishe, alipime tena. Akachora ubaoni lile duara lililoenezwa na Deming, Mmarekani: panga, tekeleza, kagua, rekebisha. Wenzangu walikuja na mambo mazito, vifo vya uzazi, uhaba wa dawa. Mimi nilichagua presha, na sifichi, kwa uvivu. Buku lilikuwepo tayari, kazi ilikuwa kuhesabu tu.

Ijumaa moja, wagonjwa wamekwisha, panga boi halizunguki kwa sababu umeme umekatika, nikakaa na lile buku na peni nyekundu. 120/80. 130/80. 120/80. 110/70. 140/90. 120/80. Kufika ukurasa wa nne peni ikagoma. Hapakuwa na namba hata moja inayoishia na 7. Wala 3, wala 9. Sifuri tupu, kama bei za dukani.

Mashine yetu ilikuwa ya kidijiti, ile ya kubonyeza kitufe ikajaza upepo yenyewe. Mashine ya aina hiyo haipendelei namba. Ukipima watu 100, wanaoangukia sifuri ni kama 10 hivi. Hata ile ya zamani ya zebaki, ambayo tunaisoma kwa kuruka mbilimbili, ingeleta 2 na 4 na 6 na 8 za kutosha. Basi nikajua: wauguzi wanabuni. Na kama mtu yeyote aliyeanza kusoma juzi, dawa yake nikaijua papo hapo. Semina.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, nikabandika manila karibu na bango la Kaizen, ile njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, lile la Sasambua, Seti, Safisha, ambalo tulikuwa tumelizoea kiasi cha kutoliona. Nikaanza kuhubiri. Mgonjwa apumzike dakika 5. Mgongo uegemee. Mkono ukae usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa baibui, na usiwe mdogo kwa mtu mnene, maana utamsingizia presha asiyokuwa nayo. Asiongee. Miguu isipishane.

Hapo kwenye miguu ndipo aliponyanyuka muuguzi wetu mkubwa, aliyebakiza miaka michache astaafu. Sote tulimwita Mama Mkubwa, hata mganga mfawidhi. Akaichukua mashine mezani, akaipindua, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akanionyesha. Spiringi nne na kutu kidogo. Betri hakuna.

"Dokta mwanangu, unafundisha vizuri," alisema. "Ila hii ni wiki ya tatu. Za mwisho nilinunua mimi, elfu mbili yangu, kwa mangi pale. Zilipoanza kufa nikaazima moja kwenye ile saa."

Tukageuka wote kuitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na ilikuwa saa nne na dakika ishirini kwa wiki kadhaa. Kila nilipopita chini yake nilisema moyoni kwamba saa za siku hizi hazidumu.

"Sasa kwa nini hamkusema?"

"Tulisema." Hakupandisha sauti. Akalivuta buku, akalamba kidole, akafunua kurasa mbili tatu kama mtu anayejua anakokwenda, akaweka kidole kwenye mstari. "Na huyu?"

Ilikuwa Jumapili ya zamu yangu. Watu sita, 120/80 zimejipanga kama wanafunzi mstarini, na 8 zangu zile za kuunganisha miduara miwili, ambazo hakuna mwingine anayeziandika hivyo. Nikakumbuka. Siku ile mashine ilikuwa imefungiwa kabatini, ufunguo uko na mtu aliyekwenda msibani Morogoro. Buku lilikuwa na safu ya presha, na safu ikiwa wazi mkaguzi anapiga mduara. Nikaijaza. Wala sikujiona nadanganya. Nilijiona namaliza kazi.

Mmoja wa wale sita alikuwa mzee fundi baiskeli. Alikuja akisema kisogo kinamgonga. Nilimpa panadol na nikamwambia presha iko sawa.

Betri nilizinunua mchana ule ule kwa mangi, tano: nne za mashine, moja ya saa. Jioni nikaenda na mashine kwenye kijiwe cha yule mzee. Nikamkalisha, nikatega dakika 5 kwenye simu huku ananitazama, nikapima mara mbili. 168/104. Ya pili 166/102. Akafuta mikono yake yenye grisi, akaniuliza taratibu tu, kwa kutaka kujua: "Si ulisema iko sawa, dokta?"

Nilimwambia kweli. Niliisema vibaya, kwa kuzungukazunguka, lakini niliisema. Kesho yake alikuja tukaanza naye upya.

Manila nikaibandua. Kumbe wauguzi wale walikuwa wanayajua yote niliyoyahubiri. Walichokosa ni betri na mahali pa kumkalisha mgonjwa, kwa sababu mtu alikuwa anashuka kwenye daladala, anasimama foleni juani, anapimwa akiwa bado anahema. Tukalihamishia benchi la dirisha la dawa chini ya saa. Mama Mkubwa akatoa khanga yake kuukuu tukatundika pazia, ili mwenye baibui aweze kuvua mkono bila kuonekana na foleni nzima. Betri zenyewe ndizo zilizotutoa jasho. Fedha za uchangiaji zina fomu, fomu ina saini, saini zina kikao cha kamati, na kwenye orodha ya vifaa hapakuwa na mstari wa betri. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi, tulilolikariri chuoni, halina neno kuhusu betri za saa ya ukutani. Kamati ilikubali kwenye kikao cha pili, baada ya mwenyekiti mwenyewe kupimwa.

Buku likawa baya. 137/86. 143/91. 128/79. Namba zisizopendeza, mwandiko wa haraka, mahali pengine safu imeachwa wazi na pembeni kumeandikwa "betri". Nilipeleka kurasa zake kwa mwalimu, akazipenda kuliko jedwali langu.

Miezi mitatu baadaye wakaja wasimamizi kutoka halmashauri, wameshika ripoti zetu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mmoja akaweka kidole kwenye mstari wa shinikizo la juu la damu, ambao ulikuwa unapanda kila mwezi. "Zahanati za jirani zimetulia. Ninyi huku mna nini? Mnawalisha watu chumvi?"

Nikaanza kueleza duara la Deming. Mama Mkubwa alikuwa anamfunga mama mmoja mkanda. Alingoja mashine imalize kushusha upepo, akaandika 151/94, ndipo akageuka akamuuliza yule bwana kama kwenye gari lao hawana betri ndogo nne, maana zetu zimeanza kufifia.