Vile nilipata ruhusa ya kujenga deki ya mbao kwa nyumba ya mathe, Nakuru

Mimi nilitaka tu pahali pa kukaa jioni. Nyumba ya mathe iko Lanet, kule nyuma kumeteremka na mvua ikinyesha ni matope hadi mlangoni, nikaona nimjengee deki ya mbao, futi 12 kwa 16, imeinuliwa kwa nguzo. Nikimwambia deki akaniuliza kwani hata kupiga deki kunataka fundi siku hizi. Nikamwambia ni baraza ya mbao, akaelewa.

Fundi akasema ruhusa ni ya nyumba za mawe, mbao haina maneno, na nikakubali haraka juu ndiyo kitu nilitaka kusikia. Tukachimba mashimo sita. Kesho yake jirani, mzee amestaafu kazi ya upimaji, akasimama kwa fensi akaniuliza, "Kijana, karatasi iko?" Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 haiulizi mawe ama mbao, kujenga ni kujenga, unaomba ruhusa ya kaunti kwanza, na ukianza bila hiyo faini inaweza kufika 500,000 ama jela miezi miwili ama zote pamoja. Bajeti yangu ya deki nzima ilikuwa 140,000! Nikalipa fundi siku zake mbili, tukasimamisha kazi.

Nikaanza kutafuta karatasi za maombi ya kaunti. Nakala ya taitoli ilikuwepo, sachi ya kuthibitisha mwenye ardhi nikafanya, reti za ardhi zilikuwa na deni la miaka nikalipa huku naumia. Shida ilikuwa ramani. Akitekti, na hakikisha ni mwenye amesajiliwa juu bila muhuri wake unapoteza wakati, alisema hawezi kuchora deki ikielea peke yake hewani, anataka ramani ya nyumba vile ilipitishwa zamani. Hiyo nyumba marehemu mzee aliijenga 1994. Tulitafuta wiki mbili hadi mathe akakumbuka sanduku la bati chini ya kitanda, ramani imefungwa na gazeti, panya wamekula kona moja lakini muhuri umebaki. Tukafurahi, halafu akitekti akapima nyumba akakuta stoo ya jikoni haiko kwa ramani. Kumbe mzee alijiongezea kimyakimya, mimi nimerithi tabia! Ikabidi stoo nayo ichorwe.

Alivyopima tena akaona deki yangu ingefunika kifuniko cha septiki, sasa siku imejaa lori la kunyonya lingepitisha mpira wapi? Hata fundi hakuwa ameiona. Tukaisukuma upande, na kwa sababu ya fensi tukapunguza futi tatu, injinia naye akachora nguzo na msingi maana udongo wetu ni mwepesi, maji yakipita unaondoka nayo.

Tukatuma maombi kaunti. Fundi alikuwa amesikia kwamba siku 60 zikipita bila jibu la maandishi sheria inahesabu umekubaliwa, na ni kweli, kwa hivyo alikuwa ananipigia kila Jumatatu kuhesabu. Jibu lilikuja wiki ya tano, mtu akaja akaangalia, ikapita.

Tuliporudi kazini mashimo yetu yalikuwa yamejaa udongo wa mvua, mawili kuku wamefanya pa kuogea vumbi, na kwa ramani mpya hakuna hata moja lilikuwa pahali pake. Fundi akachimba sita mengine, akanilipisha upya.