Kidole cha Mjomba

Jana nilifungua kiroba cha chumvi ya mawe nilicholetewa kutoka Lindi, nianze achari kabla maembe hayajaiva kupita kiasi. Chumvi ilikuwa bado na unyevu wake. Mtu aliyezoea ya pakiti hawezi kuijua harufu hiyo: tope la mikoko, mwani uliokauka juani, na kwa mbali kitu kama chuma kilicholala majini. Nikachukua punje moja, nikailamba. Maembe yako kwenye beseni mpaka sasa ninapoandika. Nilikaa kwenye kigoda nikamkumbuka Mjomba, na yule anemoni, mnyama wa baharini niliyewahi kumfuga.

Nilikuwa na sanduku la kioo la kufugia samaki wa baharini. Lita 100, chumba cha mbele nyumbani kwa Bibi, Mikindani, limeegemea ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa kama zilivyo nyumba za zamani za pale. Mwaka huo, 2009, nilikuwa mwaka wa pili wa unesi. Ndani mlikuwa na samaki wawili wadogo wa milia, kamba mmoja, mawe, na pampu iliyonguruma usiku na mchana. Maji tulichota baharini kwa dumu, na kila Ijumaa mdogo wangu alitoa ndoo moja na nusu akaweka mapya. Kisha yeye akaenda Newala kwenye korosho, mimi nikaingia kwenye mitihani. Maji yalikuwa yanapungua karibu lita moja kwa siku, maana ilikuwa Oktoba, na dirisha lile halikufungwa. Kila jioni nikirudi kutoka chuo nilipitia ufukweni na chupa, nikaja kujaza palipopungua. Siku ishirini hivi nilifanya hivyo bila kukosa hata moja, nimechoka namna gani, na niliamini kabisa kwamba huo ndio utunzaji.

Jumamosi moja jirani yetu mvuvi akapiga hodi akiwa na ndoo. Wakati ule bado kulikuwa na watu waliovunja matumbawe ghubani kwenda kuyachoma kuwa chokaa, na jiwe lililokuwa ndani ya ndoo alikuwa ameliokota kwenye lundo lililosubiri tanuri.

"Nesi," akasema, "huyu bado yu hai."

Anemoni ni mnyama, ingawa ukimwona utasema ua. Huyu alikuwa wa kahawia iliyokoza, minyiri yake ina ncha zilizotuna kama chuchu ya chupa ya mtoto. Alikuwa amelishika jiwe kwa mguu wake, maana mguu anao, mmoja, bapa, wenye kunata. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyonipotosha. Mnyama wa namna hiyo anatakiwa achanganyiwe maji kidogo kidogo kwa saa nzima au mbili, ayazoee, ndipo aingie. Mimi nilimtumbukiza papo hapo, na jiwe lake.

Asubuhi alikuwa amesinyaa kama puto la jana. Mdomo, ambao uko katikati kabisa ya minyiri, ulikuwa wazi, umelegea, na alikuwa akitoa nyuzinyuzi za kahawia. Baadaye nilikuja kuelewa nyuzi zile ni nini. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaogeuza mwanga kuwa chakula na kumlisha. Akizidiwa, huutapika. Ukiisha wote anabaki mweupe, na mweupe wa namna hiyo hafiki mbali, labda ahudumiwe sana.

Usiku wa pili akaliachia jiwe. Nikamkuta anaelea, anavutwa kuelekea kwenye mdomo wa pampu. Nilikata kipande cha sponji ya godoro, nikakisuuza vizuri, nikaufunga nacho ule mdomo asije akasagwa. Kisha nikafanya lile jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilidhani anaikumbuka bahari, nikaenda ufukweni gizani na dumu nikamletea bahari zaidi.

Mjomba alifika Jumanne jioni na basi la kutoka Lindi, kiroba begani, vidole vimepasukapasuka kama kawaida yake. Alikuwa na miaka mingi kwenye mashamba ya chumvi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mbona macho mekundu, mitihani?"

Nikamvuta mkono mpaka kwenye sanduku. Nilitegemea amtazame mgonjwa wangu, lakini yeye alitazama kioo, pale juu ya usawa wa maji, ambapo palikuwa na ukoko mweupe niliokuwa naufuta kila siku bila kujiuliza umetoka wapi. Akaukwaruza kwa ukucha, akautazama kwa karibu. Halafu akachovya kidole cha shahada majini, akakitia mdomoni.

Mpaka leo namwona alivyosimama. Jua lilikuwa linazama upande wa dirisha, nuru ya mwisho imepita ndani ya maji ikamchora usoni, inachezacheza. Alifumba macho. Taya lilisogea kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake na hataki kumwambia. Bibi alikuwa mlangoni na upawa mkononi, naye hakusema kitu. Mlio ulikuwa wa pampu peke yake.

"Una maji ya bahari ya leo?"

Nikampa chupa. Akamimina kidogo kiganjani, akalamba. Akarudi kwenye sanduku, akachovya tena, akalamba.

"Haya mawili si ndugu," akasema.

Sikuelewa. Maji yote yalitoka ufukwe ule ule.

"Haya unayojaza unayatoa wapi?"

"Baharini, Mjomba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na yale yanayopungua yanakwenda wapi?"

"Si yanakauka."

"Yanakauka na chumvi yake?"

Nikanyamaza. Akaketi mkekani, akalifungua kiroba, na ikatoka ile harufu. Akaomba sahani. Akaniuliza lita ngapi, kwa siku ngapi. Mahesabu nilifanya mimi, nyuma ya daftari la fiziolojia: lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Lita 20 ni gramu 700. Wakati mimi naandika, yeye alikuwa anachota chumvi kwa kiganja na kuimwaga kwenye sahani, bila mizani, mpaka ikafika karibu kilo kasoro robo. Akainua sahani akaiweka kando ya kioo.

"Hii ndiyo uliyomwongezea mwenzio. Ndiyo kazi yetu kule, mwanangu. Unaingiza maji bwawani, jua linachukua maji, chumvi inabaki. Unaingiza tena. Umefungua shamba la chumvi ndani ya nyumba ya mama."

Hakusema kwa ukali, ila nililia. Kilima kile cheupe kwenye sahani ya bati kilikuwa kikubwa kuliko mnyama mwenyewe. Na si kwamba somo sikuwa nalo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimechora kwa penseli za rangi chembe hai inavyonyauka ikiwekwa kwenye maji yenye chumvi kupita yake, mishale ya maji yote inatoka nje. Nilipata alama nzuri kwa mchoro ule. Na sasa mchoro ulikuwa unaelea mbele yangu, nami nilikuwa nimeuita kiu ya bahari.

Yaliyofuata nitayasema haraka. Maji yalikuwa yamefika kama gramu 42 kwa lita, na ili yarudi 35 nilihitaji kuondoa kama moja ya sita na kuweka maji yasiyo na chumvi. Mimi nilitaka niyamwage usiku ule ule. Mjomba akanishika kifundo cha mkono. "Taratibu. Umemshtua mara moja, utamshtua tena? Bwawa letu lenyewe, mvua ikilishukia ghafla, tunapoteza mavuno yote." Maji ya bomba yalikuwa na dawa. Maji safi yaliyokuwepo ni ya mvua, kwenye pipa la Bibi, aliyokinga mwezi Machi na akawa anayanywa kwa kikombe kidogo yamfikishe mvua nyingine. Sikuthubutu kuomba. Bibi mwenyewe akafunua kifuniko. "Si mgonjwa huyo? Mpe."

Mrija wa dripu nilinunua duka la dawa. Lita tatu na nusu kwa siku, matone 20 kwa mililita moja, ni matone 49 kwa dakika. Hesabu hiyo nilikuwa naijua usingizini, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitumia kwa kiumbe ninayeogopa kumpoteza. Ndoo ya maji ya mvua tuliiweka juu ya kabati, mrija ukashuka, na asubuhi na jioni nilitoa kiasi kile kile kilichoingia. Umeme ulipokatika usiku wa pili, mimi na Mjomba tulipokezana kata mpaka alfajiri, tunachota na kumimina kutoka juu ili hewa iingie. Hatukumgusa. Mjomba hakuwa ameona anemoni ndani ya kioo maishani mwake, lakini alisema kinachotafuta pa kushika usikishike wewe. Na kweli mguu ule ni laini, ukichanika jeraha lake linaweza kumuua.

Usiku wa tatu mdomo ukafunga. Usiku wa nne alikuwa ameangukia mchangani kati ya mawe mawili, na nilipoweka tochi kwa pembeni nikaona ukingo wa mguu unajikunjua, unapapasa jiwe, unaacha, unapapasa tena. Nilizima tochi. Sikutaka aone aibu, sijui kama nasema vizuri. Siku ya tano alikuwa ameshapanda nyuma ya jiwe kubwa, ameshika, ameelekea kwenye ufa wa mwanga wa dirisha, ametupa sisi mgongo wote. Ukitaka kumwona ilibidi ubane shavu ukutani.

Mjomba akachovya kidole kwenye sanduku, akalamba. Akachovya kwenye chupa ya bahari, akalamba.

"Ndugu," akasema, na akaenda kulala.

Wiki iliyofuata nilimpa kipande cha kamba kama ukucha wa kidole kidogo, kwa kibano. Minyiri ilikipokea mmoja baada ya mwingine, kama mikono ya akina mama wanaopokezana mtoto, mpaka kikafika katikati kikazama. Tangu hapo nilijaza kwa maji ya mvua peke yake, na nilichora mstari wa wino kwenye kioo nijue pa kuishia.

Nimekuwa nesi miaka mingi sasa. Kuna wakati nampangia mtu dripu, ndugu zake wamesimama, wanataka iende mbio, wanataka aongezwe hiki na kile, na ninawaelewa kabisa. Huwa najikuta nakisugua kidole cha shahada kwa dole gumba. Sijawahi kumweleza yeyote sababu. Wala sina hakika kwamba ni sawa kufananisha.

Februari nilipangiwa mazoezi Masasi. Mjomba akauliza swali moja tu kwenye simu: "Nani atahesabu matone?" Akaja. Tulisubiri bamvua, maji yakatoka mbali sana, tukatembea na beseni mpaka kwenye dimbwi refu ambalo halikauki hata maji yakipwa vipi. Tulimchukua na jiwe lake lile kubwa, hakubanduliwa. Mara hii tulikaa naye saa nzima, tukimwongezea maji ya dimbwi kwa kikombe, kisha Mjomba akazama mpaka kifuani akaliingiza jiwe chini ya mwamba, mahali ambapo mtu mwenye mtaimbo asingepaona upesi. Minyiri ilijikunja. Tulingoja ifunguke. Ilifunguka kidogo, au ni maji yaliyokuwa yanaitikisa.

Maji yalianza kurudi, yakatufika magotini. Mjomba akachovya kidole baharini, akalamba, akaniambia nami nichovye.

"Ishike hiyo mdomoni," akasema. "Umeishika?"

Nikasema ndiyo. Ng'ambo ya ghuba, kwenye tanuri la chokaa, moshi ulikuwa unapanda.