Dabarani, nyota inayofuata Kilimia

Yeyote anayekijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, anaweza kuipata Dabarani bila darubini. Kilimia kinapochomoza upande wa mashariki, subiri muda usiozidi saa moja, na nyuma yake itapanda nyota moja kubwa yenye rangi ya machungwa inayokaribia wekundu. Mwendo huo ndio uliozaa jina lake, kwani kwa Kiarabu ad-Dabaran ni yule anayekuja nyuma, na anayetanguliwa ni Thurayya, yaani Kilimia chetu, jina ambalo wasichana wa Unguja hupewa hadi leo.

Majina mengi ya Kiarabu yaliyobaki angani yalitokana na kitabu cha Ptolemaio, mtaalamu wa nyota wa zama za kale, ambaye alizitaja nyota kwa viungo vya picha za makundi yake. Ndivyo nyota ya Rijili ilivyokuwa mguu wa Jabari, kundi ambalo Wazungu huliita Orion. Kwake yeye nyota yetu ilikuwa jicho la kundi la Ng'ombe. Dabarani ni jina la namna nyingine, nami nalipenda zaidi kwa sababu hiyo: ni la Waarabu wa jangwani wenyewe, waliozitazama nyota zikifuatana usiku kucha. Walisimulia kwamba Dabarani alimposa Thurayya akakataliwa kwa ufukara wake, naye tangu hapo humfuata akiswaga ngamia wadogo, ambao ni zile nyota hafifu zilizomzunguka, awatoe kuwa mahari. Walimwita pia Hadi an-Najm, mwenye kukiongoza Kilimia kwa nyimbo kama aongozavyo mwendesha ngamia. Katika hesabu ya vituo 28 vya mwezi, yaani sehemu za anga unazopitia usiku baada ya usiku, Dabarani ni cha nne, mara tu baada ya Thurayya.

Elimu ya nyota imeonyesha kwamba msafara huo ni wa macho yetu tu. Dabarani iko umbali wa miaka ya nuru 65 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), wale ngamia wako umbali wa takriban miaka 150, na Kilimia kiko zaidi ya miaka 400, hivyo mfuasi yuko karibu nasi kuliko wote anaowafuata. Ni nyota jitu: imemaliza haidrojeni ya kiini chake, ikavimba hadi kipenyo chake kikafikia takriban mara 44 ya kile cha Jua, na uso wake ukapoa hadi nyuzi 3,600 za Selsiasi hivi, jambo linaloipa wekundu wake.

Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha tahajia ya Aldebaran, iliyopitia Kilatini cha Ulaya ikiwa bado na kiambishi cha Kiarabu, al-, mbele yake. Katika vitabu vya Kiswahili ningependa tuandike Dabarani, kwa kuwa lugha yetu ilipokea Jabari na Thurea (yaani Thurayya) kutoka kwa Waarabu moja kwa moja, wala haina haja ya kuzunguka Ulaya kuifuata nyota hii.